Yunia Alikuwa Mwanamke: Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Tafsiri za Biblia na Mafundisho ya Kanisa

Waheshimiwa Maaskofu na Wachungaji, waheshimiwa wakuu wa vyuo vya theolojia, nanyi ndugu mnaosimamia kazi ya kutafsiri, kupitia upya na kuchapisha Biblia kwa Kiswahili,

Bwana Yesu asifiwe.

Nawaandikia nikiwa mwalimu wa kipaimara katika usharika mmoja wa mjini, kazi ambayo nimeifanya kwa miaka 19. Nimeamua kuiweka barua hii wazi kwa sababu jambo ninalolileta linamgusa kila anayesoma Agano Jipya kwa Kiswahili. Mwaka jana darasa langu lilifika sura ya 16 ya Waraka kwa Warumi, sura ambayo walimu wengi tunairuka tukidhani ni salamu tupu. Tuliposoma aya ya 7, "Nisalimieni Androniko na Yunia, jamaa zangu, waliofungwa pamoja nami, ambao ni maarufu miongoni mwa mitume," niliwauliza vijana Yunia alikuwa nani. Mmoja akasema ni mdogo wake Androniko. Mwingine akasema walikuwa marafiki waliokwenda kuhubiri pamoja, kama Paulo na Sila. Katika darasa la vijana 22, ambamo wasichana walikuwa wengi kuliko wavulana, hakuna hata mmoja aliyewaza kwamba Yunia huenda alikuwa mwanamke. Nami nitakuwa mnafiki nikiwalaumu, kwa maana nilifundisha miaka mingi kabla sijalijua hilo mimi mwenyewe.

Waheshimiwa, asili ya kosa hili iko katika jambo ambalo sote tunalipenda katika lugha yetu. Kiswahili hakitengi mwanamume na mwanamke katika sarufi yake: "yeye" ni yeye, na "aliyejitahidi" ni aliyejitahidi, awe baba au mama. Mara nyingi hiyo ni neema, lakini katika orodha ya majina ya kigeni inakuwa pazia. Paulo alipowasalimu Trifaina na Trifosa, neno la Kigiriki alilolitumia kueleza kazi yao lilikuwa na umbo la kike, hivyo msikilizaji alijua papo hapo kwamba wanaosifiwa ni wanawake. Sisi tunasoma "wenye bidii katika Bwana" na kupita. Persisi naye alipewa sifa zenye umbo la kike, ambazo kwetu zimebaki bila jinsia.

Kuna jambo la pili, dogo zaidi, ambalo sikulitambua mpaka nilipoanza kuyaandika majina hayo ubaoni. Watafsiri wetu waliyaswahilisha majina mengi ya kiume ya Kigiriki kwa kuondoa herufi ya s mwishoni: Loukas akawa Luka, Silas akawa Sila, Barnabas akawa Barnaba, Epaphras akawa Epafra. Kwa hiyo sikio letu limezoea kwamba jina la Agano Jipya linaloishia kwa a laweza kuwa la mwanamume wakati wowote, na Yunia anapotokea bila neno lolote la kumtambulisha, tunampanga mstari mmoja na Luka na Sila. Katika sura hiyo hiyo Priska na Akila wanatajwa pamoja, na majina yao yote mawili yanaishia kwa a. Tunajua yupi ni mke na yupi ni mume kwa sababu tu Kitabu cha Matendo kimetuambia. Yunia hakupata bahati hiyo.

Nimehesabu. Katika salamu za sura hiyo, Paulo anawasalimu watu 26 mmoja mmoja, wakiwamo wawili ambao hakuwataja majina, yaani mama yake Rufo na dada yake Nerea. Kati ya hao 26, wanawake ni 9, na ukimwongeza Fibi aliyetambulishwa mwanzoni mwa sura, wanakuwa 10. Kitenzi cha Kigiriki cha kufanya kazi hadi kuchoka, kile ambacho Paulo anakitumia juu ya jasho lake mwenyewe la kitume katika 1 Wakorintho 15:10, hapa amekitumia kwa watu wanne tu: Mariamu, Trifaina, Trifosa na Persisi. Wote wanne ni wanawake. Mwanamume hata mmoja katika orodha hiyo hakupewa kitenzi hicho, jambo ambalo sijawahi kulisikia likihubiriwa mimbarani tangu nibatizwe.

Naomba nirudi kwa Yunia. Junia lilikuwa jina la kawaida la wanawake wa Kirumi, linalopatikana katika maandishi mengi ya makaburi na ya mawe ya heshima, wakati jina la kiume "Junias", ambalo baadhi ya wafasiri walilidhania, halijapatikana hata mara moja katika maandishi ya kale. Mrumi aliyelisikia hakuhitaji kuelezwa, kama vile sisi tusivyohitaji kuelezwa kwamba Rehema au Mwanaidi ni mwanamke. Yohana Krisostomo, askofu wa Constantinople aliyezungumza Kigiriki tangu utoto wake na ambaye hakuna awezaye kumwita mtetezi wa mambo ya kisasa, alipoihubiri aya hii mwishoni mwa karne ya 4 alistaajabia hekima ya mwanamke huyu, kwamba ilikuwa kubwa kiasi cha kuhesabiwa kustahili jina la mtume. Dhana ya kwamba alikuwa mwanamume ilipata nguvu baadaye sana, katika Zama za Kati huko Ulaya, na mwaka 1927 chapa ya Nestle ya Agano Jipya la Kigiriki, ambayo watafsiri wengi duniani waliitegemea, iliweka juu ya jina lake alama ya mkazo iliyolifanya la kiume. Alama hiyo iliondolewa mwaka 1998. Biblia yetu nzima ya Kiswahili ya mwaka 1952, ambayo ndiyo inayosomwa hadi leo katika ibada nyingi, ilitoka katikati ya miaka hiyo. Siwashtaki waliotutafsiria, kwa kuwa waliandika "Yunia" tu, wala hawakuandika neno lolote la kumfanya mwanamume. Ninachosema ni kwamba wahariri wa Kigiriki walihitaji alama ya mkazo ili kumficha, na sisi hatukuhitaji hata hiyo.

Wapo wasomi wanaosema kwamba maneno yale ya Kigiriki yana maana ya "wanaojulikana vema kwa mitume", wala si "walio maarufu wakiwa mitume". Kiswahili chetu, "maarufu miongoni mwa mitume", kimeuacha mlango wazi pande zote mbili, nami naona ni uaminifu kuuacha hivyo. Lakini mjadala wa kama alikuwa mtume ni mmoja, na mjadala wa kama alikuwa mwanamke ni mwingine. Huu wa pili umekwisha, na msomaji wetu hajaambiwa.

Kwa Fibi hali ni tofauti, kwa sababu yeye ameitwa "dada yetu" na hakuna anayekosea jinsia yake. Kilichopotea kwake ni cheo. Paulo anamwita diakonos wa kanisa la Kenkrea, ile bandari ya Korintho upande wa mashariki, na Biblia ya 1952 ikaliweka neno hilo kuwa "mhudumu". Kwa haki yote, mwaka 1952 neno hilo lilikuwa na uzito: watafsiri hao hao walimwita Epafra "mhudumu mwaminifu wa Kristo", na Paulo mwenyewe katika Waefeso 3:7 anasema alifanywa mhudumu wa Injili. Ila maneno nayo huhama nyumba. Nilipowauliza vijana wangu mhudumu ni nani, jibu la kwanza lilikuwa, "Ni yule anayeleta chai," na la pili lilikuwa la mhudumu wa baa, darasa zima likacheka. Tafsiri nyingine zimemwita Fibi mtumishi, neno ambalo katika makanisa yetu lingeweza kumpandisha, lakini msomaji asiyejua analisoma kama mtumishi wa nyumbani. Mzee mmoja mwenzangu, mtu mwema na mcha Mungu, aliwahi kutufundisha katika semina ya akina mama kwamba Fibi ni mfano wa wanawake wanaopika vizuri kwa ajili ya wageni wa kanisa. Hakuna neno moja juu ya chakula katika aya zile.

Neno hilo hilo la Kigiriki, linapotokea pamoja na maaskofu katika Wafilipi 1:1 na linapotolewa sifa zake katika 1 Timotheo 3:8, Biblia yetu inasema "mashemasi". Fibi ndiye mtu pekee katika Agano Jipya anayetajwa kwa jina kuwa diakonos wa kanisa la mahali fulani. Sisemi kwamba katika mwaka 57 hivi, waraka ule ulipoandikwa, ushemasi ulikuwa daraja lenye mipaka kama tunayoijua leo. Nasema kwamba kama neno moja linatafsiriwa kwa namna mbili, msomaji anastahili kuambiwa pambizoni.

Aya ya 2 inasema Fibi alikuwa "msaidizi wa watu wengi", na wa Paulo mwenyewe pia. Neno la Kigiriki ni prostatis, yaani anayesimama mbele ya watu kwa kuwalinda na kuwagharimia. Ndugu wa neno hilo, katika Warumi 12:8, Biblia yetu imemtafsiri kwa "mwenye kusimamia kwa bidii". Kwa hiyo mzizi mmoja umekuwa kusimamia katika sura ya 12 na kusaidia katika sura ya 16. Ulimwengu wa Korintho uliwajua wanawake wa namna hiyo: mwaka 1954 lilipatikana karibu na mji huo jiwe lenye matamko ya Walikia, watu wa Likia katika Asia Ndogo, wakimsifu Junia Theodora, mwanamke Mrumi aliyeishi Korintho katika karne hiyo hiyo ya 1, kwa kuwapokea wageni wao nyumbani kwake na kuwatetea mbele ya wakuu wa Kirumi. Sisi wenyewe tunalo neno la mtu kama huyo, na tunalitumia kila tunapozindua albamu ya kwaya: mlezi. Mlezi wa kwaya si msaidizi wa kwaya, na kila mwanakwaya anaijua tofauti. Tena, kwa kuwa Paulo anawaomba Warumi wampokee na kumpa lo lote atakalohitaji, wafafanuzi wengi wanaona kwamba Fibi ndiye aliyeubeba waraka huo kwenda Roma.

Nimfa wa Wakolosai 4:15 nitampitia haraka, ingawa habari yake ni ile ile. "Kanisa lile lililo katika nyumba yake" kwa Kiswahili halisemi ni nyumba ya mwanamume au ya mwanamke, na hati za kale zenyewe zinatofautiana, baadhi zikiwa na "yake" ya kike, nyingine ya kiume, nyingine "yao". Wahariri wa leo wa Kigiriki wanaikubali ile ya kike.

1 Timotheo 3:11 inahitaji subira zaidi. Katikati ya sifa za mashemasi Biblia yetu inasema, "Vivyo hivyo wake zao na wawe wastahivu." Kigiriki hakina "zao" mahali hapo, na neno gune laweza kuwa mke au mwanamke, jambo ambalo Kiswahili hakiwezi kulibeba kwa neno moja. Mtafsiri alilazimika kuchagua, akachagua, akaongeza "zao" ili sentensi ikae vizuri. Lakini kuna swali ambalo kijana yeyote makini huuliza: mbona wake za maaskofu hawakupewa sharti lolote katika aya zilizotangulia, ilhali wake za mashemasi wamepewa? Krisostomo alijibu kwamba wanaosemwa hapo ni wanawake wenye daraja la ushemasi. Anaweza kuwa amekosea. Hata hivyo, hilo lilikuwa jibu la kanisa lililozungumza lugha ya Paulo, nalo halionekani popote katika Biblia niliyonayo mezani.

Kanisa hilo lilikuwa na sababu ya kulijua jibu, kwa kuwa wanawake hao walikuwapo mbele ya macho yake. Mnamo mwaka 112 Plinio, gavana wa Kirumi huko Bithinia, alimwandikia Kaisari Trajani kwamba ili kupata ukweli juu ya Wakristo aliwatesa wanawake wawili watumwa ambao Wakristo wenyewe waliwaita ministrae, neno la Kilatini linalolingana na lile alilopewa Fibi. Majina yao hatuna. Nawafikiria mara kwa mara: watumwa mbele ya sheria ya dola, wenye cheo ndani ya kanisa, na gavana, alipotaka kujua siri za kanisa, akawachagua wao.

Katika karne ya 3 huko Shamu, kitabu cha maagizo ya kanisa kiitwacho Didaskalia kinamwagiza askofu ateue wanawake mashemasi, kwa kuwa wanawake walibatizwa kwa kuzamishwa na kupakwa mafuta mwilini, na haikufaa mwanamume afanye hivyo, tena kwa kuwa kulikuwa na nyumba za wasioamini ambamo shemasi mwanamume hakuweza kuingia kuwatembelea wagonjwa. Kitabu hicho kinasema shemasi mwanamume aheshimiwe kwa mfano wa Kristo, na shemasi mwanamke kwa mfano wa Roho Mtakatifu. Mnamo mwaka 380 hivi, Maagizo ya Kitume, kitabu kingine cha namna hiyo, yanatupa sala ya askofu anapomwekea mikono mwanamke shemasi, akiwataja Miriamu, Debora, Ana na Hulda. Mtaguso wa Kalkedonia, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, wa mwaka 451, katika kanuni yake ya 15, uliagiza asiwekewe mikono kabla ya kutimiza miaka 40. Na mwaka 535 Kaisari Yustiniani, akipunguza gharama za Kanisa Kuu la Constantinople, alitoa idadi ya juu ya watumishi wake: makasisi 60, mashemasi wanaume 100, mashemasi wanawake 40. Mtu hawekei ukomo kitu ambacho hakipo.

Nitakuwa sijasema kweli yote nikiacha upande wa pili. Kanuni ya 19 ya Mtaguso wa Nikea, wa mwaka 325, inawahesabu mashemasi wanawake waliotoka katika kundi la wafuasi wa Paulo wa Samosata (si Paulo mtume, bali askofu aliyehukumiwa kuwa mzushi) kuwa walei, kwa kuwa hawakuwekewa mikono, na wanahistoria hadi leo wanabishana kama maneno hayo yaliwahusu hao tu au wote. Magharibi hawakupenda desturi hii. Mtaguso wa Orange wa mwaka 441 ulikataza kabisa wanawake kuwekwa mashemasi. Mashariki nako, kadiri ubatizo wa watu wazima ulivyopungua, kazi yao ilififia. Hayo nayo yafundishwe. Mwanafunzi wa chuo cha theolojia anayejua kanuni ya 19 ya Nikea pamoja na kanuni ya 15 ya Kalkedonia atakuwa mchungaji bora kuliko yule asiyejua hata moja, na wachungaji kadhaa vijana niliozungumza nao walikuwa katika hali hiyo ya pili.

Najua baadhi yenu mtaniuliza juu ya 1 Timotheo 2:12 na 1 Wakorintho 14:34, aya zinazomwambia mwanamke anyamaze. Siwaombi mzifute wala mzilegeze. Zimo, na kila msichana katika darasa langu huwa amezisikia kabla hajafika kwangu. Lakini katika waraka ule ule, 1 Wakorintho 11:5, Paulo anatoa maagizo juu ya mwanamke anayesali na kuhutubu, jambo lisilo na maana kama hakukuwa na wanawake waliofanya hivyo mbele ya watu. Atakayezipatanisha aya hizo azipatanishe akiwa nazo zote mbele yake.

Wala siji kwenu na ombi la kubariki wachungaji wanawake. Makanisa yetu hayako mahali pamoja katika hilo: yapo yaliyoanza tangu miaka ya 1990, na yapo yasiyokubali hata leo. Hata Waorthodoksi, ambao hakuna anayewashuku kukimbilia mapya, wamegusa kumbukumbu hii katika bara letu: Februari 2017 huko Kolwezi, Kongo, mji wa watu wanaosema Kiswahili, Patriaki Theodoros wa Pili wa Aleksandria aliwaweka wanawake katika utumishi wa kishemasi wa umisionari, na Mei 2024 shemasi mwanamke akawekwa wakfu Harare. Kila kanisa litaamua kwa utaratibu wake. Mimi naomba kitu kidogo kuliko hicho, kitu ambacho anayekubali na anayekataa wote wanaweza kukitoa bila kubadili msimamo.

Kwenu mnaosimamia tafsiri, naomba maelezo mafupi chini ya ukurasa katika mahali pane. Warumi 16:1, kwamba neno lililotafsiriwa "mhudumu" ndilo linalotafsiriwa "shemasi" kwingineko. Warumi 16:7, kwamba Yunia ni jina la mwanamke. Maneno matano tu yanatosha. Wakolosai 4:15, kwamba Nimfa huenda alikuwa mwanamke na hati zinatofautiana. 1 Timotheo 3:11, kwamba yaweza kusomwa "wanawake". Na mtakapofika Trifaina, Trifosa na Persisi, hamhitaji hata maelezo ya chini, kwa sababu Kiswahili kinaruhusu kuandika "akina mama" au "dada" bila kuongeza chochote ambacho umbo la Kigiriki halikusema. Najua karatasi ni ghali na kila mstari una bei yake. Lakini Biblia hizo hizo zina ramani za rangi za safari za Paulo ambazo ni wachache wanaozifungua.

Kwenu wakuu wa vyuo na wahariri wa vitabu vya mafundisho, naomba Warumi 16 ipewe angalau kipindi kimoja kamili katika mafundisho ya kipaimara. Katika mzunguko wa miaka mitatu wa masomo ya Jumapili unaotumiwa na Wakatoliki na Waprotestanti wengi duniani, sura hiyo huonekana kwa aya zake tatu za mwisho tu, 25 hadi 27, na hivyo Mkristo anayekuja ibadani kila Jumapili tangu utoto hadi uzee anaweza kuzikwa bila kumsikia Fibi akitajwa. Kama hatutamsikia ibadani, tumsikie darasani.

Darasa langu jipya linaanza Januari. Nimeshaandika maelezo hayo manne kwa penseli pambizoni mwa Biblia yangu, na wanafunzi wa mwaka jana waliyanakili katika zao, baadhi kwa wino. Msichana mmoja alinifuata baada ya kipindi akaniuliza kwa nini jambo hili halikuchapishwa tangu mwanzo, nikamwambia kwamba nitawauliza wanaohusika. Nasubiri majibu yenu ili nimpelekee.

Wenu katika Kristo,
Mwalimu wa kipaimara